Nchi katika Maneno ya Wasafiri: Pwani, Nyika na Milima ya Usambara

Walimu wa shule huleta mara kwa mara lalamiko moja: kwamba Kiswahili ni lugha njema ya biashara, na ya hukumu, na ya mashairi, lakini mtu akitaka kuisifu nchi aionayo njiani, maneno humwishia. Hushika neno mandhari, na baada ya mandhari huweka "ya kupendeza," kisha husimama. Lalamiko hili limetufanya tuvisome tena baadhi ya vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa Kiswahili na wenyeji, tupate kupima kama neno lao ni kweli. Maoni yetu yahusu vitabu viwili hasa. Cha kwanza ni Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten na kupigwa chapa Göttingen mwaka 1901. Cha pili ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi Liajjemi, ambacho misheni ya Magila ilianza kukipiga chapa mwaka 1895. Hiki cha pili si kitabu cha safari kwa jina lake. Lakini mtu akitaka kujua milima ya Usambara ilivyo, twaona atafaidi zaidi humo kuliko katika hicho cha kwanza, na sababu tutaieleza.

Tuanze na Velten. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki kule Berlin, akataka maandiko ya kuwasomesha wanafunzi wake. Kwa hiyo wasafiri hawa waliandika kwa kuombwa, na yafaa msomaji akumbuke jambo hili kila afunguapo kitabu. Yumo Sleman bin Mwenye Chande, aliyetoka Bagamoyo na bidhaa akapanda bara mpaka nchi za Ziwa Tanganyika. Yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyepita Udoe hata Uzigua, na ambaye baadaye alifundisha yeye mwenyewe katika chuo kile cha Berlin. Yumo Salim bin Abakari, Mngazija, aliyemfuata bwana wake Bumiller mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896.

Msomaji aliyezoea vitabu vya Wazungu atavisoma visa hivi, hasa kile cha Sleman, na kusema: hapa hapana nchi. Wanalala, wanaamka, wanafika, wanatoa hongo, wanapata chakula au hawapati, wanapigana au wanapatana, kesho wanafunga mizigo. Mlima ukitajwa, ni kwa kuwa njia yapanda. Mto ukitajwa, ni kwa kuwa hauvukiki. Kutokana na haya wengine wamesema kwamba mtu wa pwani hakuwa na jicho la kuona uzuri wa nchi.

Sisi hatukubali. Mpagazi alichukua mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani kama kilo 32, na kiongozi wa msafara alikuwa na mamia ya vinywa nyuma yake. Watu hawa waliiona nchi, tena waliiona karibu mno. Ila waliiona kwa kiu na kwa miguu. Mfano mwema ni Ugogo. Kila aliyepita njia ya kati katika karne ya 19 aliijua Ugogo kuwa nchi kavu ambamo hongo ni nzito na maji yenyewe huwa na bei. Msafiri asipotuambia rangi ya udongo wake wala umbo la mibuyu yake, bali akatuhesabia nguo alizotoa kwa kila mtawala, ametuambia ukavu wa nchi ile kwa kipimo chake. Hesabu ile ya nguo ndiyo sura ya nchi. Mwalimu asemaye kwamba hapana nchi katika kurasa hizi ameitafuta mahali isipowekwa.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Jicho la mtu wa pwani lina kiwaa chake, na kiwaa hicho ni neno washenzi. Mara msafiri atokapo katika miji ya mwambao, watu wote na mashamba yote na vijiji vyote huingia katika kapu moja. Mashamba ya migomba yaliyolimwa kwa vizazi vingi, mifereji ya maji iliyochimbwa kwa akili nyingi kama ile ya Wachagga, vyote hivi mtu wa msafara aweza kuvipita bila kuviona, maana ameisha kuamua kwamba bara ni pori na wakaao bara ni watu wa pori. Hapo si kiu wala mzigo uliomziba macho. Ni kiburi cha mji. Salim bin Abakari yeye hakuweza kukichukua kiburi hiki mpaka Siberia kwa namna ile ile, maana huko yeye ndiye aliyekuwa mgeni wa kushangaliwa. Na twaona kwamba habari yake ni hai kuliko nyingi za wenzake kwa sababu hiyo. Hata hivyo yeye naye hutazama watu zaidi ya nchi: mavazi, vyakula, dini, nyumba.

Kuna neno moja, wala halimo katika vitabu hivi viwili, ambalo limebishaniwa sana na linafaa kutajwa hapa. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai pamoja na watu wachache kwenda Uchagga, aliona weupe juu ya mlima wa Kilimanjaro. Akamwuliza kiongozi wake ni nini. Kiongozi akajibu kwa neno moja ambalo Rebmann aliliandika "beredi," yaani baridi. Rebmann akatambua mara moja kwamba ni theluji. Habari ilipofika Uingereza, mtaalamu mmoja wa jiografia, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuikanyaga nchi hii, aliipinga kwa ukali, hata katika kitabu chake cha mwaka 1852. Ubishi haukutulia mpaka Baron von der Decken alipokwenda kuutazama mlima mwenyewe mwaka 1861 na tena 1862.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili, nasi hatupendezwi na hata moja. Wengine hukisimulia kuonyesha ujinga wa kiongozi: alikuwa na theluji mbele ya macho yake, asiweze kuitaja. Wengine, hasa siku hizi, hukisimulia kuonyesha hekima yake: Mzungu aliona rangi tu, mwenyeji akajua tabia ya kitu. Wote wawili wamelibebesha neno dogo mzigo usio wake. Tulitazame neno lenyewe. Baridi ni neno la Kiarabu. Barafu ni neno la Kiajemi, na huko kwao maana yake ni theluji. Kwetu limekuwa maji yaliyoganda, kwa kuwa theluji haikuwahi kufika bandarini wala kuuzwa. Theluji nayo ni Kiarabu. Hivi kwamba mtu wa pwani aliweza kupata maneno mawili kutoka ng'ambo ya bahari kwa kitu kilichokuwapo bara yake mwenyewe, asipate kuyaunganisha na mlima ule. Wachagga, ambao waliishi chini yake, walikiita kilele chake Kibo, wala hawakungoja Mwarabu wala Mwajemi. Basi upungufu si wa Kiswahili kuwa lugha, ni wa njia: neno halikupanda kutoka pwani hata mlimani, wala halikushuka kutoka mlimani hata pwani. Yule kiongozi alisema alichokuwa nacho, yaani habari ya mwili iliyopokewa kwa wale waliokaribia, na kwa mtu aliyesimama kwenye nyika yenye joto lilikuwa jibu la kutosha. Pwani palikuwa na habari nyingine pia, za fedha na za pepo walinzi wa mlima, nazo ndizo zilizofanya kazi ya theluji mpaka theluji ilipojulikana. (Na hilo jina Kilimanjaro lenyewe laanza na kilima, kana kwamba ni kichuguu, kwa habari ya sehemu ya pili wataalamu hawajapatana hata leo, nasi hatutaongeza dhana yetu juu ya dhana zao.)

Twasema upungufu si wa lugha, kwa maana mahali Kiswahili kilipokaa siku nyingi, yaani ufukoni, maneno yake ya nchi ni mengi na makali kuliko walimu wanavyodhani. Pwani yenyewe latoka katika kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa. Neno hili halielezi ardhi wala bahari, bali mwendo wa saa sita kati ya hizo mbili. Mvuvi hasemi tu kwamba maji yamejaa. Husema bamvua au maji mafu, na kwa neno moja amekwisha kukuambia mwezi una siku ngapi, mwamba gani utaonekana, na kama akina mama watakwenda kuokota chaza leo. Kuna fungu, kuna mwamba, kuna tumbawe, kuna hori, kuna mlango, kuna mkondo. Upepo haupewi sifa ya wema au ubaya mpaka kwanza umepewa jina: kaskazi, kusi, matlai, umande. Mtu akisoma barua ya nahodha aliyepita kati ya Pangani na Tanga atapata picha ya nchi isiyo na sifa hata moja, na picha hiyo itamwingiza chomboni bandarini salama.

Sasa tuje shuleni, maana ndiko lalamiko lilikotoka. Tumesoma insha nyingi za vijana juu ya safari, na karibu zote zina upepo mwanana, na ndege waimbao kwa sauti nyororo, na jua lichomozalo kwa madaha, na mandhari ya kuvutia. Kijana wa Lushoto na kijana wa Lindi huandika nchi moja. Hatuwalaumu vijana. Maneno haya wamefundishwa, wakapewa alama kwa ajili yake, na wengine wakapewa orodha zake wazikariri. Kinachotusikitisha ni kwamba kijana huyo huyo, akimweleza mdogo wake kwa mdomo jinsi alivyosafiri, husema mambo mengine kabisa. Husema kwamba walipotoka Lushoto palikuwa na ukungu, watu wamejifunika mablanketi. Kwamba gari lilipopita Soni na kuanza kuteremka kona baada ya kona, masikio yaliziba. Kwamba walipofika Mombo mablanketi yote yalikuwa yamekunjwa na wauza machungwa wako madirishani. Kwamba toka hapo kila kitu kilikuwa sawasawa na cha kijivu, safu kwa safu za mkonge, mpaka harufu ya chumvi. Hiyo ni nchi. Mwalimu akiiona katika daftari huikata kwa wino mwekundu, kwa sababu haina tamathali.

Na hizo safu za mkonge zatudai neno. Kijana aandikapo mkonge kuwa "uzuri wa asili" wa nchi ya Tanga, aambiwe kwamba mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ya kwamba iliyosalimika safarini ilikuwa miche 62 tu. Mwaka ule ule reli ilianza kujengwa Tanga. Ikafika Muheza mwaka 1896 na Mombo mwaka 1905. Mikaratusi juu ya milima nayo ni migeni. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa mandhari katika insha ni kazi ya mikono ya watu, na jasho la vibarua waliotoka mbali, wengine kutoka Unyamwezi na Urundi. Kwa hiyo swali la insha lisingekuwa tu "umeona nini," bali pia "nani ameweka hapa." Twakiri kwamba swali la pili ni gumu kusahihisha.

Basi turudi kwa Liajjemi, ambaye twamwona ndiye mwalimu bora wa jambo hili, ingawa hakulikusudia. Alikuwa mtu wa pwani, akakaa na watawala wa Kilindi, akaandika asili yao na vita vyao. Yeye haisifu nchi mahali popote kwa namna ya insha. Kitabu chake karibu chote ni maneno ya watu: wazee wakikaa shauri, wajumbe wakipeleka habari, ndugu wakibishana. Wasomaji wengi huchoka nayo, na tusifiche kwamba sisi nasi tumechoka mara kadhaa. Hakuna mjumbe anayefikisha ujumbe bila kuurudia wote. Tena hana miaka, hata mtu hajui kama kati ya shauri moja na jingine imepita wiki au miaka kumi. Lakini mtu akivumilia, huona kwamba nchi imo ndani ya kila jambo linalotendeka, wala haiwezi kutolewa.

Tazama kisa cha Mbegha. Ni mwindaji kutoka Nguu, aliyekataliwa na ndugu zake kwa sababu ya kuwa kigego. Akatoka na mbwa wake, akakaa Kilindi, akaondoka huko baada ya kifo cha mwana wa mtawala katika windo, akazidi kwenda na nguruwe wa mwitu mpaka akaupanda mlima. Wenyeji wa milimani walimjua kwanza kwa moshi wa moto wake. Wakamwendea, yeye ana nyama, wao wana vyakula vya shamba, wakabadilishana. Nguruwe walikuwa wakiharibu mashamba yao, naye ni mwuaji wa nguruwe. Kutoka hapo, kijiji kwa kijiji, mpaka Vugha, ambako kuuawa kwa simba kulimpa jina na enzi.

Mwalimu ajaribu kukisimulia kisa hiki mahali pengine, tuseme katika nchi tambarare, ataona kwamba kinaanguka. Moshi ule hauonekani ila kuwe na kimo na msitu. Kubadilishana kule hakuna maana ila kuwe na watu wa juu walimao na mtu wa chini awindaye. Wasambaa wenyewe hugawa dunia yao hivyo: kuna Shambaai, nchi ya juu, yenye mvua na migomba na baridi, ambayo ni mahali pa mtu kukaa; na kuna nyika, nchi ya chini, yenye joto na miiba na homa, ambako mtu huenda kwa haja na kurudi. Kwa mtu wa Mombasa nyika ilikuwa ni huko nyuma ya mji, na kwa jina hilo aliwaita majirani zake Wanyika, jina wasilolipenda, ambao leo hujiita Mijikenda. Kwa Msambaa nyika ni huko chini. Neno ni moja, na kila mmoja asimamapo humwelekezea mwenzake. Wafasiri wa Biblia walipolichagua kwa nyika ya Uyahudi walichagua vema kuliko wangechagua jangwa, kwa sababu jangwa ni utupu, na nyika hakika si tupu: ina miiba, ina wanyama, ina wapitaji. Lakini mhubiri wa Vugha na mhubiri wa Rabai walitajapo neno hilo mimbarani hawawaonyeshi wasikizaji wao mahali pamoja, na ni vema walijue hilo kabla ya kupanda.

Nguvu ya Liajjemi huonekana zaidi anapofika siku za fitina. Kimweri mkubwa, aitwaye Kimweri ye Nyumbai, ambaye Krapf alimwamkia Vugha mwaka 1848 na tena 1852, alitawala kutoka juu. Enzi yake ilikuwa ya mlima: aliyeaminiwa kuwa na mvua mkononi mwake hukaa mahali mvua inaponyesha. Akafa mwaka 1862, na mjukuu wake Shekulwavu akamfuata. Ndipo mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde, chini kabisa, penye njia ya misafara ya bonde la Pangani, akapata bunduki na baruti kwa biashara ya pembe na watumwa, akamwondoa Shekulwavu katika Vugha. Na baada ya kuishika Vugha, hakuhamia. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, akae mjini kwa wazee, naye akabaki Mazinde.

Hapa mwandishi dhaifu angetueleza kwamba zamani zimegeuka. Liajjemi hasemi. Anamwacha Semboja akae alipotaka kukaa, na wajumbe wapande na kushuka. Kwanza twasoma watu wakiteremka kutoka Vugha na amri. Baadaye, polepole, amri zaanza kupanda. Msomaji aliyepata kupita njia ile, akatazama ukuta wa milima uliosimama juu ya Mazinde na bonde la Mkomazi, atajua katika magoti yake maana ya mfalme aliyeitwa ashuke. Asiyepata kupita hana budi kuambiwa, na hiyo ndiyo dosari ya kitabu: Liajjemi aliwaandikia watu waliokuwa wanaujua ukuta ule, hata hakuona haja ya kuutaja kimo. Velten aliwaomba watu wake waeleze kwa wageni, wakaeleza kila kitu sawasawa, kikubwa na kidogo. Liajjemi hakueleza kitu, na nchi yote imo.

Chapa ya mwaka 1962, iliyosimamiwa na J. W. T. Allen, ndiyo iliyowafanya wengi wetu tuweze kukisoma kitabu hiki kwa ukamilifu. Mwalimu atakayekitumia darasani asianze na nasaba za mwanzo, maana wanafunzi watalala. Aanze na moshi wa Mbegha, halafu aruke mpaka Semboja. Na kama shule yake iko karibu, awapeleke wanafunzi asubuhi mpaka ukingoni mwa milima, wakae hapo na vitabu vyao, waitafute Mazinde kwa macho.